Mjane Haozwi kwa Kimya

Juzi, stendi ya Kibiti, mtu alifungua tenga la kaa na harufu ya tope la mikoko ikanijia puani. Nimelala miji mingi tangu niache shule darasa la tano, lakini harufu ile hunirudisha siku moja tu: siku shangazi yangu Zuhura aliponitia aibu mbele ya kijiji kizima.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wenye mitaji walipoanza kufika hata kwetu deltani. Walikuja kwa boti ya injini maji yamejaa, wakaifunga kwenye mkoko jirani na uwanja wa mkutano. Bwana mmoja wa ofisini akatusomea karatasi ndefu: mikoko ya ng'ambo itakatwa, yachimbwe mabwawa ya kufugia kamba. Ng'ambo hiyo ndiko shangazi alikolima mpunga, na ndiko kamba wetu wa bure walikozaliana bila kufugwa na mtu. Kila mmoja alilijua hilo, na hakuna aliyelisema. Kwetu mgeni hakatizwi maneno.

Bwana yule akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilisikia nzi tu. Akatabasamu, akafungua kalamu.

"Basi. Kimya ni ridhaa."

Shangazi akainuka, mfupi vile, akakaza kanga kiunoni.

"Kimya cha mwanamwali ndicho ridhaa, bwana," alisema, taratibu kama anayemwelekeza mtu njia. "Mimi nimefiwa na waume wawili. Wa kwanza nilinyamaza, nikaozwa. Wa pili shehe alikikataa kimya changu, akataka nitamke mwenyewe. Mjane haozwi kwa kimya. Na hapa wanawali siwaoni."

Wazee walicheka mpaka wakashika kofia. Mmoja akamwambia, "Tamka basi, Zuhura."

Akatamka kwamba hataki. Akaeleza kuwa mikoko ikiondoka, maji makuu ya bamvua yatapanda na chumvi yake hadi majarubani, na mpunga utakufa umesimama. Akafuata mvuvi, kisha mkewe, aliyemsahihisha mumewe. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mtumbwi, nikiona ndoa za shangazi zinaanikwa uwanjani.

Wageni walitaka kuondoka, lakini maji yalikuwa yameshakupwa, boti yao imelala topeni. Shangazi akawaambia wakae tu, maji yatarudi alasiri. Wakakaa. Wakasikiliza. Ilipofika adhuhuri bwana yule alikuwa anaandika tunayosema. Karatasi yake ilirudi bila saini hata moja, na mikoko ya ng'ambo ipo mpaka leo.

Tangu hapo nimekaa kwenye mikutano mingi, ya misitu na ya machimbo, nikasikia swali lilelile na ukimya uleule. Siku moja, mbali sana na kwetu, hakuinuka mtu, ikabidi niinuke mimi. Ndipo nilipokumbuka kwamba shangazi alipokaza ile kanga vidole vyake vilitetemeka. Niliviona siku ile. Nilidhani ni uzee.