Shati Kwenye Antena

Ijumaa ile nilipanda juu ya paa la jengo letu la Mankhool, huku ughaibuni kwa Waarabu, nikakuta shati la sare limeanikwa kwenye waya wa antena yangu.

"Kamba ni kamba, mzee," alisema mwenye shati, mlinzi Mganda niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja. "Au hii yako inaanika maneno?"

"Litoe, yalla, haraka! Muda unakwisha."

Alilitoa huku akicheka. Tangu asubuhi sikuwa nimetulia. Nilipima betri, nikakaza nyaya, nikazilegeza, nikazikaza tena. Redio yenyewe ilikuwa ndogo kama boksi la biskuti, nguvu yake wati tano tu, na kibali chake nilikihangaikia sana. Ilipeleka milio mifupi na mirefu, nasi tulioijua lugha hiyo tuliisoma kwa masikio.

Niliyemtafuta alikuwa rafiki yangu wa Tanga, ambaye nilijifunza naye milio hiyo ujanani. Mkewe alipofariki nilimpigia simu, na kabla hajamaliza kunisimulia siku za mwisho za marehemu, nikaanza kumpangia maisha: auze nyumba, ahamie kwa wanawe. Akakata. Simu zangu hakupokea tena, na sikumlaumu. Lakini nilijua kuwa Ijumaa alasiri huwa hewani, na sisi watu wa redio tuna ada yetu: anayekuita kwa jina lako la hewani humwachi bila jibu.

Nilivaa visikilizio, nikazungusha kitufe taratibu. Kati ya mivumo nikaujua mkono wake wa kugonga milio. Huvuta kidogo mlio wa mwisho, kama mtu anayefunga mlango asiamshe watoto. Alikuwa akimwita yeyote anayesikia.

Nikagonga jina lake na langu. Nikarudia. Nikaongeza samahani, nikausogeza waya, nikagonga upya.

"Amejibu?" mlinzi aliuliza.

"Bado."

"Atajibu saa ngapi, mzee, na wewe hujanyamaza?"

Nilitaka kumkaripia, kisha nikaitazama redio. Redio ile, unapogonga, haisikii kitu. Inapokea pale tu unapoacha. Muda wote huo huenda rafiki yangu alikuwa akinijibu, nami nikiwa juu ya sauti yake, kama siku ile kwenye simu.

Nikauondoa mkono, nikaukalia. Vidole viliwasha. Kiyoyozi cha jirani kilikoroma, mlinzi akaanika shati lake ukutani, na masikioni mwangu mkawa na mvumo mtupu. Nilikuwa karibu kuuchomoa mkono pale jina langu lilipokuja, hafifu, likifuatwa na maneno machache: "Nakusikia. Usijibu kwanza. Sikumaliza siku ile."

Akaanza kunisimulia habari za mkewe, kuanzia pale nilipomkatiza. Milio ilififia, ikarudi, ikafifia, na maneno mengine hayakunifikia. Mlinzi aliniuliza kwa ishara ya kichwa. Sikumjibu hata yeye. Niliendelea kuukalia mkono wangu.