Samaki wa Mawe Hakuhama

Enzi zetu, ukizamia ziwani na kufungua macho, unakuta mtaa mzima chini. Ndiyo, nasema enzi zetu na nina miaka kumi na sita. Nani anacheka? Aliyekulia Bujumbura wakati wa vita anajua kwamba hapa mtu anazeeka kabla ya kuota ndevu. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliojua mlio wa bunduki kabla ya kujua kuzidisha.

Kwetu ni kusini, ukishauacha mtaa wa Musaga nyuma, pale milima inaposhuka hadi majini. Ufuo ni mawe matupu, na kila jiwe lilikuwa na mwenyewe: samaki wa manjano, wa buluu, wengine wana mistari kama pijama. Ukipeleka kidole kwenye jiwe lake, anakuja kukugonga kama mama wa sokoni uliyemkanyagia nyanya. Lakini hatoki pale. Akikuta hatua tatu za mchanga mbele yake, anageuka. Anazaliwa kwenye mawe, anafia kwenye mawe hayo hayo. Na jike hulea watoto mdomoni. Siku zote hizo hali kitu, mashavu yamevimba kama mtoto aliyeficha andazi.

Baba Mudogo Saidi, aliyenilea, alikuwa anaenda na mtumbwi wake mbali kuvua mukeke, samaki wa maji makuu. Mawe alituachia sisi watoto na ndoano zetu, kwa sharti moja: mwenye mashavu yaliyojaa anarudishwa majini. Sisi mashetani tulikuwa tunambonyeza kwanza. Vitoto vinamwagika kama wanafunzi kengele ikilia, tunacheka, halafu tunamtupa mama na watoto wake. Siku Baba Mudogo alipotufumania, masikio yangu yaliongezeka urefu, na mpaka leo hayajarudi.

Halafu jeshi likakataza mitumbwi kwenda mbali, kwa sababu waasi walikuwa wanavuka ziwa. Mitumbwi ilikatazwa, njaa haikukatazwa. Watu wazima waliozoea maji makuu wakageukia mawe yetu, nyumba baada ya nyumba. Vikaja na vyandarua vya msaada, eti vya kuzuia mbu. Mbu walishukuru sana, maana vyote viliishia ziwani. Ndoano inachagua, chandarua hakichagui: kinabeba baba, mama, na aliyezaliwa jana. Na huko juu milimani, watu waliokimbia makwao walikata miti wajenge vibanda na kupika. Sasa kila mvua ilishuka na udongo mwekundu, ikaupaka juu ya mawe. Samaki aliyezoea kukwangua ukijani kwenye jiwe akawa anakwangua matope. Aliyenusurika na chandarua akabaki na njaa kama sisi.

Nami nilikuwemo, sijitoi. Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja, mchana kweupe, nilikifungua chandarua cha kitandani kwangu, tukakiburuta kwenye mawe mimi na binamu yangu. Ndoo ilijaa. Nilirudi nyumbani natembea kama waziri. Baba Mudogo alikuwa hajala tangu jana yake. Akachungulia ndooni, akafungua mdomo wa samaki mmoja kwa kidole gumba. Akafungua wa pili. Wa tatu. Mi nilishaanza kuficha masikio.

“Hizi zote ni mama,” akasema.

Basi. Akampa mkewe akaange, akala, hakunitazama. Nilitamani anipige.

Sasa amani inakuja, na mwezi uliopita shefu wa ufuo wetu aliita mkutano. Mtu mwenye kitambi, sijui alikipatia wapi wakati sisi tunakonda. Akasema samaki wetu walikimbilia Kongo kwa sababu ya vita, kwa hiyo kama wakimbizi wengine watarudi, kila mtu atayarishe wavu wake. Watu wakapiga makofi! Mi damu ilichemka. Samaki anayeogopa hatua tatu za mchanga, alipanda mtumbwi wa nani kwenda Kongo? Tunamsingizia ukimbizi mtu tuliyemla?

Baba Mudogo akasimama.

“Shefu, na heshima yako. Hii samaki haiendi hata kwa jirani. Haikukimbia. Tuliikula. Mi na nyumba yangu, tuliikula. Tuache mawe ipumuzike misimu mbili ya mvua, na kule juu tupande miti. Pengine zile kidogo zimebaki zitazaa.”

Mmoja wa nyuma akamjibu kwamba mzee ameshiba, sasa anataka wenzake ndio wafunge. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mi naijua kazi ya utani: ule ulikuwa mzuri, ndiyo maana uliniuma. Shefu akauliza nani anakubali mawe yapumzike. Nikanyoosha mkono. Akaniambia wanafunzi waende kusoma. Mkono mwingine uliobaki juu ulikuwa wa Baba Mudogo. Jioni haikufika, nyavu zilishaingia kwenye mawe.

Wadogo zetu wana bahati, nakubali, hata kama hawajui kutia chambo kwenye ndoano. Sisi tulioga sikio moja likisikiliza bunduki za milimani. Wao wanaruka majini wanavyotaka, wanapiga kelele, hakuna anayewaita ndani. Wanazamia hadi kwenye mawe, wanafungua macho, hawaoni kitu. Wanarudi juu wanacheka, kwa sababu wanadhani ziwa ndivyo lilivyo.