Nilivyo-overclock kompyuta Mbulu, kwaya ikamsimamisha soloist wake

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Haya yalinikuta mwenyewe Mbulu mjini. Mke wangu anasoma hapa begani kwangu na anasema nimepunguza.

Ilikuwa miaka ile Mkoa wa Manyara bado mpya, wengine anwani wanaandika Arusha. Nilikuwa na kibanda cha kuhariri video: harusi, kipaimara, kwaya. Kompyuta moja, ya mtumba.

Shida ilikuwa ku-render, yaani kompyuta kuunganisha vipande vyote iitoe video iliyokamilika. Unabonyeza asubuhi, unaenda shambani, unarudi, bado.

Binamu yangu wa Arusha akanielekeza ku-overclock, yaani unaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, na kuilazimisha processor, ule ubongo wake, ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Akanionya kuhusu joto. Nikamwambia huku tunashinda na masweta, joto litatoka wapi?

Ikakimbia kweli. Nikajiona injinia.

Ndipo ikaja kazi ya kwaya moja ya Maretadu. Uzinduzi ni Jumapili, wageni wameshaalikwa mpaka Masieda. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Fabiano, na soloist ni Mama Paulina, mama ambaye hakuhitaji kipaza sauti.

Wimbo wake ulihusu jehanamu, kwa hiyo nikamwekea moto nyuma, njiwa wanaruka, na jina lake linazunguka. Effects zote, madoido yote niliyokuwa nayo, ziliishia kwake.

Kamati nzima ya kwaya ikaja kushuhudia, na Mama Paulina mwenyewe. Render ikaenda vizuri, ikafika Mama Paulina anafungua mdomo, mashine ikaganda. Mdomo wazi, moto nyuma. Halafu skrini ya bluu.

Nikawasha upya. Ikaganda palepale. Nikarudia tena, vilevile.

Mzee Fabiano akavua kofia, akauliza kwa upole, "Mama Paulina, kuna jambo?"

Nikaeleza: effects ni nzito, processor inapata moto, ikikosea hesabu operating system inaanguka. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, akauliza mbona waimbaji wengine wamepita. Nikamjibu kwa sababu wao hawana moto nyuma yao.

"Ndiyo hiyo tunayouliza," akasema. "Kwa nini moto uko kwake tu?"



Mama Paulina akaanza kulia. Akasema labda ni ile pombe aliyowapikia wageni wa kaka yake, lakini alionja tu kujua kama imeiva. Palepale kibandani wakamsimamisha asiimbe tena, wakaamua na wimbo wake ukatwe.

Iliniuma. Mama yule ameimba pale tangu msichana. Nikaomba nafasi moja. Nikachukua moto na njiwa walewale, nikavihamishia kwenye salamu za mwenyekiti, nikabonyeza.

Mzee Fabiano akaganda kidole kikiwa juu. Bluu.

Nikadhani nimeshinda. Wajumbe wakageuka wakamtazama, mama mmoja akasema taratibu, "Kumbe na mwenyekiti."

Sasa uzinduzi hauna soloist wala mwenyekiti. Mzee mwenyewe akakaa kwenye stuli, akaanza kukumbuka habari za mpaka wa shamba.

Nikaona nikizidi kuthibitisha nitaimaliza kwaya. Nikazima, nikaingia BIOS, nikarudisha mwendo wa kiwandani, nikarudisha moto kwa Mama Paulina, nikabonyeza.

Ilitambaa kama ng'ombe wa kulimia kwenye tope. Wao wakaomba na kuimba pembeni yake mpaka jioni. Ikampita Mama Paulina, ikampita na mwenyekiti, ikamaliza.

Nikaeleza tena kuhusu mwendo. Wakanipa mkono, wakasema maombi yamejibiwa.

Jumapili Mama Paulina aliimba mpaka wageni wakasimama. Wiki iliyofuata Mzee Fabiano akarudisha kipande cha shamba kwa jirani yake, ambaye alikuja kunishukuru na jogoo. Jogoo nilimpokea. Ningemweleza nini?

Funzo: mashine ya kazi usii-overclock. Kama ni lazima, ijaribu kwa mzigo mzito ukiwa peke yako, kabla ya kamati.

Mwisho akaja mzee mmoja kutoka Hanang na picha ya shemeji yake. Mbuzi walikuwa wanapotea. Akaniomba niiweke kwenye kompyuta, kwa mwendo ule wa kasi. Nilipomwambia nimeshaurudisha chini, akanitazama kwa huzuni, akauliza nani kanihonga.

Waliowahi ku-overclock wakabaki salama na majirani, semeni hapa mlitumia feni gani.