Shavu la Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa simba. Ukipita Manga ukaona simba wa saruji kwenye lango la mtu aliyejenga ghorofa, na watoto wanawaita mbwa, ujue hiyo ni kazi ya mikono yangu. Kwa hiyo mke wangu aliponiomba nitengeneze sura ya marehemu mama yake, tuiweke kaburini kwao Nyansiongo, ilinipasa nikatae. Nikasema ni kazi ndogo. Mdomo huponza kichwa.

Alikuwa na picha moja tu ya mama yake, ndani ya simu, na alikuwa ameanza kuogopa. "Sauti yake ninayo," aliniambia, "lakini nikifunga macho naona tu kitambaa cha kichwa. Uso unaniponyoka."

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Ndiyo chinsoni. Hamshikani mikono wala hamkodoleani macho. Tukikutana njiani yeye aliingia kwenye mahindi, mimi nikageukia ua, tukasalimiana hivyo, kila mtu akiongea na majani yake. Ungeniambia nichonge gambuti zake ningezitoa hata gizani. Uso wake sikuwahi kuuangalia.

Nilinunua udongo wa mafuta, ule usiokauka. Kuchonga kwa kijiti hakukunisumbua. Niliifunika picha kwa karatasi nikaacha pua peke yake, nikaimaliza, nikahamia kidevu. Sikumwona mzima hata mara moja, na nilijisifu kwa adabu hiyo.

Balaa lilikuja wakati wa kulainisha. Kalibu ya jasi, ile ninayofunika udongo nayo ili baadaye niimwagie saruji, haifichi kitu: alama yoyote iliyo kwenye udongo, hata unywele, itatokea kwenye saruji na kubaki hapo. Na udongo huu hutaka kidole chenye mafuta, kipite polepole kwenye paji, kwenye shavu, chini ya macho. Nikachovya kidole, nikakisogeza. Kidole kikakataa. Nilijua ni udongo, niliununua mwenyewe. Lakini hapo alisimama mzee mzima anayetaka kupapasa shavu la mama mkwe. Nilichungulia nje nione kama kuna jirani.

Nikaleta ujanja. Nilivisha kidole karatasi ya mkate, ikaacha mikunjo. Kijiko kikaacha mabonde. Mwishowe nilifunga brashi ya rangi kwenye fimbo ndefu nikasimama mbali, kama mtu anayelisha fahali mkali. Shavu likajaa mistari.

Mke wangu akaingia. "Baba watoto, hii ni nini umeweka kwa shavu ya mama?"

"Ni makunyanzi."

"Mama hakuwa na makunyanzi ya brashi."

Nikamweleza ukweli, fimbo ikiwa bado mkononi. Alicheka hadi akakalia simba mmoja. Kisha akafuta macho, akachovya kidole chake kwenye mafuta.

Yeye ndiye aliyemwosha mama yake alipokuwa mgonjwa. Mkono wake haukuuliza njia. Mimi nilimshikia kikopo cha mafuta nikiwa nimeuelekea ukuta, nikitoa amri za kitaalamu: polepole hapo, usikandamize, mafuta yasizidi. Ukuta ulinisikiliza vizuri sana.

Mistari ilipokwisha akarudi nyuma. Sauti yake ilikuwa na woga. "Niambie. Anafanana? Nimemwangalia sana mpaka sijui tena."

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kumwona."

"Basi mwone kabla hujamfunika na jasi."

Niligeuka. Nikainua macho, nikamtazama mama huyo uso mzima, kwa mara ya kwanza tangu nilipooa kwake.

"Anajizuia kucheka," nikasema.

Mke wangu akaziba mdomo kwa mkono wenye mafuta. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Kila ukitoka pale nyumbani, hivyo ndivyo alivyokuwa."