Gari liliposema baba amesinzia, sisi wote tulinyamaza

Wakuu, nawasalimu, wa majumbani na mliojificha maofisini mnasoma kwa kuibia.

Mimi humu ni msomaji, kuandika siyo kawaida yangu. Uzi huu nimeuanza na kuufuta mara nyingi. Nitakayosimulia yametokea nyumbani kwetu Same, sijatia chumvi, na kama ningekuwa na uwezo hata hiyo iliyopo ningeipunguza.

Watani zangu Wachaga, najua mkiona neno Mpare vidole vinawawasha. Leo nihurumieni.

Kabla hamjauliza, aina ya gari sitaji. Gari halina kosa lolote katika habari hii.

Baba yangu ni bwana shamba mstaafu na mzee wa kanisa. Asili yetu ni Vudee, huko juu milimani, ila alipostaafu alijenga Same mjini, na ana shamba la mpunga Kihurio. Shamba lile ndiyo furaha yake. Wiki haipiti hajashuka kuangalia maji ya mfereji, hata kama hakuna cha kuangalia.

Kuna jambo moja lazima mlijue kuhusu baba. Baba hasinzii.

Kanisani, mahubiri yakikolea, kidevu kinashuka taratibu hadi kinagusa tai. Ukimgusa anakuambia, "Sikulala. Nimefumba macho nasikiliza." Na ole wako ubishe, atakusimulia mahubiri yote kuanzia somo la kwanza. Nyumbani hivyo hivyo, akishakula makande yake anakaa kwenye kochi na redio, anakoroma, ukizima redio anasema, "Mbona umezima, nilikuwa nasikiliza."

Tumekua tukijua hivyo. Watoto wanasinzia, mtu mzima anafumba macho. Hakuna aliyewahi kumwambia baba amelala, hata mama.

Sasa kaka yangu Elieza, yuko Dar, alipobadilisha gari akampelekea baba lile alilokuwa analitumia yeye. Used ya Japan, safi kabisa. Lina kamera ndogo nyuma ya usukani inayomwangalia dereva machoni. Ikiona macho yanajifunga linapiga mlio mkali, kwenye dashibodi inatokea picha ya kikombe kinachofuka moshi, halafu dada fulani anaongea Kijapani.

Huyo dada huwa anaongea pia ukiliwasha gari. Siku ya kwanza mama alipomsikia alimjibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Akawa anamjibu hivyo kila safari. Tulicheka sana.

Baba alipoona kikombe akasema Wajapani ni waungwana, wamekumbuka kutukaribisha kahawa. Elieza akamweleza kwa simu kwamba hapana baba, hiyo ni ya kukujulisha kwamba umechoka, usimame upumzike.

Baba akamjibu, "Basi likamwambie huyo aliyechoka."

Enzi za mama mlio ule ulikuwa hausikiki mara kwa mara. Na hapa niseme kuhusu mama kidogo.

Mama alikuwa na maneno. Akikaa kiti cha mbele, kutoka Same mpaka Kihurio hanyamazi. Mimi nikisafiri nao nilikuwa naweka earphone masikioni. Na maneno yake karibu yote yalikuwa maswali. "Baba Elieza, ile nyumba ya bati jekundu si ya binti wa marehemu mwalimu?" "Baba Elieza, mwaka ule wa mafuriko tulipitia wapi?" "Baba Elieza, huyu ng'ombe mwenye pembe moja si tulimwona wiki iliyopita?"

Baba anajibu kwa kununa. "Mama Elieza, hilo nilishakueleza." Halafu anaeleza upya, na mwisho anajikuta amenogewa.

Sisi watoto tulikuwa tunamhurumia baba kwa kelele zile. Tulikuwa tunasema mzee ana uvumilivu.

Mama alifariki mwaka jana. Presha, hakuugua muda mrefu. Tulimpandisha Vudee tukamzika nyumbani, chini ya migomba yake.

Baada ya msiba baba alianza tena safari za Kihurio, peke yake. Kiti cha mbele cha kushoto aliweka mfuko wake wa panga na kofia. Ukimwomba lifti unakaa nyuma. Hakusema kwa nini na hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo gari lilipoanza kulia.

Mimi nafanya kazi Arusha, na wikiendi moja nilipokuja nyumbani wa kwanza kuniambia alikuwa jirani yetu, mama mmoja aliyepewa lifti kutoka Ndungu. Aliniambia, "Gari la mzee linalia njia nzima, hebu liangalieni." Akaniangalia kama anayetaka kuongeza kitu, kisha akauliza habari za watoto.

Baba akalipeleka kwa fundi. Fundi akalipima akasema kamera ni nzima. Baba akasema fundi hajui kazi, gari limeharibika. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake wa kumfuata, akasema ni majonzi, macho yaliyolia sana yanachanganya mashine. Mimi nika-google, nikakuta mtu ameandika kwamba kamera hizi wakati mwingine hukosea, kuna macho haziyasomi vizuri. Nikamsomea baba. Alifurahi sana. Kuanzia siku hiyo kila mtu alielezwa kwamba gari limezoea macho ya kwao, ya Kipare haliyajui.

Wakuu, niliamini. Ilikuwa rahisi kuamini.

Nilipopata likizo nikaenda nyumbani, nikasema nitamsindikiza Kihurio. Kufika kwenye gari akautoa ule mfuko kwenye kiti, akauweka nyuma, akasema, "Kaa." Nikakaa pale kwa mama.

Kwenda asubuhi hapakuwa na shida. Kurudi ndiyo ilikuwa saa nane mchana, baada ya wali na maharage kwa mama ntilie. Mnaoijua barabara ile mnajua joto lake. Mkono wa kushoto milima, mkono wa kulia pori la hifadhi, mbele njia imenyooka na hewa inachezacheza juu yake.

Hatujafika mbali mlio ukalia. Nikageuka kumwangalia baba.

Macho yalikuwa yamefunga. Siyo kupepesa, yamefunga. Mikono iko kwenye usukani, mgongo umenyooka, heshima zote ziko palepale, na gari linakwenda. Kisha akafumbua, akasonya, akasema, "Limeanza tena hili."

Nikashika mkanda kwa mikono miwili.

Na hapo, kwenye kile kiti, ndipo nilipomwelewa mama. Yale maswali. Miaka yote tangu baba aanze kuendesha, mama hakuwahi kumwambia umelala. Alikuwa anamuuliza ng'ombe ni wa nani.

Nikajaribu. Nikasema, "Baba, ile nyumba ni ya nani?" Akanijibu. "Baba, na lile shamba?" Akanijibu. Lakini jamani mimi siwajui watu wa kule, sijui mafuriko yapi wala binti wa nani aliolewa wapi. Maswali yaliniishia kabla hatujafika Kisiwani. Nikabaki natazama barabara, na mlio ukalia tena, na gari likaanza kuvutwa kuelekea upande wa pori.

Nikapiga kelele. "Baba, umesinzia!"

Alilisimamisha gari pembeni. Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimesinzia? Vumbi liliniingia machoni." Akaendesha mpaka nyumbani. Kesho yake mfuko ulikuwa umerudi kwenye kiti, na mimi sikualikwa tena Kihurio.

Nikampigia Elieza. Elieza akasema, "Dada, mwambie wewe, uko karibu." Nikamwendea baba mdogo. Akasema, "Nitaanzaje kumwambia kaka yangu aliyenisomesha?" Tukamwendea mchungaji. Mchungaji akakubali, ila Jumapili akahubiri habari za kupumzika kwa jumla jumla, bila kumtaja mtu. Baba alikuwa mstari wa mbele anatikisa kichwa kukubali. Tulipotoka akaniambia, "Amesema kweli, watu wengi hawapumziki."

Elieza akatafuta dereva, kijana mstaarabu wa jirani, awe anampeleka. Baba alimrudisha kwao siku hiyo hiyo. Aliniuliza, "Huyo kijana akae kwenye kiti changu, mimi nikae wapi? Pale?" Akaonyesha kiti cha mama. Nikaenda jikoni nikalia.

Kuna mtu atasema si mngeficha ufunguo. Mkuu, ficha ufunguo wa baba yako halafu uje utupe mrejesho.

Likizo ikaisha, nikarudi Arusha kazini. Nikawa nampigia kila jioni kuuliza kama amefika. Amefika. Amefika. Nikaanza kuzoea.

Siku moja alasiri simu yake ikanipigia, nikapokea, nikasikia sauti ya kijana. Bodaboda wa Kisiwani. Akasema, "Dada, wewe ni mtoto wa mzee wa gari jeupe? Mzee yuko hai, usiogope. Gari limeingia porini limegonga mgunga." Nyuma yake nilikuwa nasikia mlio. Akaniuliza wanauzimaje.

Nashukuru Mungu hapakuwa na mtu mwingine njiani. Nyonga ilivunjika, na mbavu. Niliondoka Arusha na nguo nilizovaa kazini.

Siku za kwanza hospitali hakuongea, dawa zilikuwa zinamlaza. Alipopata nguvu kidogo akaniita nisogee. Nilijua atakachosema, na alikisema.

"Mwanangu, sikulala."

"Najua, baba."

"Usinijibu hivyo kama unamnyamazisha mtoto. Nilikuwa naongea na mama yako. Kaniuliza kama maji yamefika shamba la chini. Nimemwambia yamefika. Akaniuliza nani kafungulia mfereji. Nikawa namweleza, ndipo nikasikia kishindo. Sasa niambie, mtu aliyelala anaulizwa swali akajibu?"

Nikawa nanyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka.

Akaendelea, "Alikaa palepale, na kitenge chake. Namwona kabisa."

Nesi akaja akapima joto, akaandika, akaondoka. Baba alikuwa ametazama dari. Nilidhani amemaliza.

Akasema, "Lakini mama yako tulimzika."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akageuzia uso ukutani. Kisha akasema, "Basi nililala."

Wakuu, miezi yote ile nilikuwa natafuta mtu wa kumfanya baba aseme neno hilo. Nilimtafuta kaka, baba mdogo, mchungaji, mpaka Wajapani. Nilipolisikia, nilitamani alirudishe. Alikuwa amempata Mama Elieza wake dakika chache zile njiani, na sasa alikuwa anamzika mara ya pili, mbele yangu, kwa mdomo wake mwenyewe. Sijawahi kumwona baba akilia, hata siku ya msiba. Siku hiyo nilimwona.

Ufunguo alinipa mwenyewe. Alionyesha tu kidole kwenye suruali yake iliyotundikwa, nikautoa mfukoni.

Sasa hivi anatembelea magongo, haendi mbali. Shamba la Kihurio analima baba mdogo. Mchana baba anakaa barazani, macho yanafunga, na nikimpigia simu ananiambia, "Nilikuwa nimelala kidogo." Anasema hivyo hivyo, waziwazi, na mimi kila nikisikia naumia upya.

Nilichojifunza ni kidogo. Mnaowanunulia wazazi magari yenye kamera na milio, mnafanya vyema, endeleeni. Lakini mashine inajua kusema umelala, haijui kumuuliza mzee ng'ombe ni wa nani. Mwangalieni anayekaa kiti cha pembeni. Kama ana maneno mengi, msimcheke, na akiondoka msiache wiki ipite hamjajua nani anakaa pale.

Kutukana ruksa, ila kwanza mnisaidie jambo moja ambalo mpaka leo silijui. Wewe uliyewahi kumwambia mzazi wako aachie usukani kabla mambo hayajaharibika, ulianza na neno gani?