Reli ya Vipande

Mwanamke anayeshinda kwenye cherehani husikia mengi. Mama watoto, fundi wa nguo ambaye wanawe wote walishahama na kujitegemea, aliweza kumfuatilia mumewe nyumba nzima bila kuinua macho kwenye kitambaa. Mzee alikuwa fundi wa njia za reli mpaka alipostaafu, na kwa kuwa reli haikumtoka moyoni, akajijengea nyingine ndogo katika chumba cha nyuma. Treni yenyewe ilienea kiganjani. Meza yake ndiyo iliyomeza chumba kizima.

Basi sauti za chumba kile zilipobadilika, machale yakamcheza.

Zamani ilikuwa nyundo: misumari, gundi, mbao juu ya mbao, kitu cha kukaa milele. Lakini tangu mzee aende kumpa pole mjane wa rafiki yake, gadi wa treni ambaye watu wote walimwita Filimbi, nyundo ilinyamaza. Ikabaki bisibisi, na mzee mwenyewe akiguna mahali fulani chini. Mama watoto alipochungulia alimkuta amelala chali sakafuni, anakaza skrubu kutoka chini kwenda juu.

"Kwa nini usikaze kwa juu kama watu wengine?"

"Juu nitabandika tuta la reli, skrubu zitafunikwa. Siku ya kufungua nitazipata wapi?"

"Siku ya kufungua ipi hiyo?"

Mzee akajifanya hamnazo. Akaomba apewe pimamaji.

Siku ya kufungua! Maneno hayo yalimkaa rohoni. Mtu anayejenga kwake hawazi kufungua. Na kumbe hayo yalikuwa mwanzo tu. Ile meza kubwa aliyoijenga kwa mbwembwe aliikata vipande, kila kipande kikapata fremu yake ya mbao nyembamba, kikaungwa na mwenzake kwa bolti za kufungua kwa vidole. Juu ya fremu akaweka plaiwudi, na juu ya plaiwudi akabandika mikanda aliyoikata kwenye mpira wa kandambili ili treni isipige kelele. Hilo ndilo tuta lenyewe. Kila penye kiungo aliukata mpira kwa wembe, ukaachana wazi kabisa. Sasa fundi wa nguo utamdanganya nini kuhusu mshono? Ule ulikuwa mshono wa kufumuliwa.

Halafu kulikuwa na zile safari. Mzee huyu, ambaye kumtoa nyumbani kulihitaji kumbembeleza, sasa haishi kwenda kwa mjane wa Filimbi. "Namsaidia shemeji na vitu vya marehemu," husema, kisha anarudi na mbao begani na macho yanatazama chini. Vitu gani hivyo visivyokwisha? Na mjane mwenyewe bado anapendeza, ana kicheko cha kupinda shingo ambacho Mama watoto hakukipenda hata siku Filimbi alipokuwa hai. Na nyumba ile ina chumba kimoja kikubwa, kimebaki bila mwenyewe. Mama watoto alijumlisha hayo yote, jibu likamkata maini.

Mzee alipotoka kwenda kununua skrubu, Mama watoto alichukua futi kamba yake akapima kipande kimoja. Kisha akapima mlango wao. Pale kipande kingepita, na pembeni ingebaki nafasi ya kupitisha mbuzi. Sasa kilikatwa kwa ajili ya mlango wa nani?

Akajitanda kitambaa, akaenda moja kwa moja kwa mjane.

"Karibu, dada! Leo umetukumbuka!"

"Nimekumbuka madirisha yako. Nataka nikupimie mapazia."

Akapima dirisha. Akapima na mlango wa kile chumba kikubwa.

"Mlango nao unavaa pazia?" mjane akauliza.

"Siku hizi milango inavalishwa," akajibu bila kupepesa macho.

Mlango ulikuwa mwembamba. Kipande cha mzee kingepita pale bila kukwaruza popote. Mama watoto akaona bora amalize. "Hebu nione ndani," akasema, na sauti yake haikuwa ya mapazia tena.

Mjane akausukuma mlango. Ukuta ulikuwa umechunika, na pembeni kulikuwa na rundo la mbao zilizopasuliwa, zimeshikana kwa gundi, vipande vya reli ndogo vikichomoza humo.

"Marehemu aliijenga reli yake humu humu, akaigandisha mpaka ukutani," mjane akasema. "Hakuwaza mlango. Mimi peke yangu ningeitoaje? Nikatafuta shoka. Shemeji alipokuja kunipa pole alinikuta napasua huku nalia. Reli ya mume wangu, dada, nimemwona akiijenga tangu ujana wetu! Shemeji akaninyang'anya shoka. Tangu hapo anakuja kutenganisha hizi mbao, anachukua zinazofaa. Na kila akija anarudia neno hilo hilo: 'Wangu hatashika shoka.'"

Mama watoto alirudi kwa miguu. Mwanzoni alicheka peke yake barabarani, aibu ya yale mapazia ikimtekenya. Kabla hajafika kwake kicheko kilikatika. Aliingia chumba cha nyuma, akanyoosha mikono, akashika kipande kimoja ukingo kwa ukingo. Kilimwenea vizuri, kama gauni lililokatwa na mtu anayejua mwili wake. Hapakuwa na mlango wa mtu yeyote. Kilipimwa kwa mikono yake, ya mwanamke aliyebaki peke yake ndani ya nyumba.

Mzee akaingia na skrubu zake.

"Unaumwa?" mkewe akamuuliza.

"Nani, mimi? Siumwi."

"Daktari amekwambia nini?"

"Daktari gani, Mama? Ni umri tu. Filimbi naye hakuumwa."

Akamkazia macho, akatafuta uwongo usoni mwake, akakosa pa kumkamatia. Hilo halikumpa raha hata kidogo. Mwanamke mwingine angemfukuza, angemvua hata kilemba. Hili la umri angelifukuza kwa kitu gani?

Mzee akafungua bolti kwa vidole, akakivuta kipande cha mwisho. "Jaribu kunyanyua hiki. Kikikufaa, nimemaliza."

Akakinyanyua. Kilikuwa chepesi, kilipanda chenyewe. Angeweza kukibeba mpaka mwisho wa mtaa bila kupumzika.

"Kizito," akasema, akakirudisha mezani.

"Hicho?"

"Mgongo wangu utakatika."

Mzee akakinyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja. Kisha akakigeuza kipande, akachukua randa, akaanza kupunguza mbao. Mama watoto akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa.

"Na kile cha kona nacho kizito," akasema. "Vyote, kwa kweli. Utarudia vyote."