Zungusha Kamera, Fungua Kabati

Mwalimu wetu wa Kihindi amefariki. Habari ilipoingia kwenye kikundi cha darasa sikuiamini, kwa sababu kikundi kile kilishamuua mwalimu wa hesabu mara mbili ili mtihani uahirishwe, na mara moja muuaji nilikuwa mimi. Nikaandika, “Ushahidi uko wapi?” Aliyenijibu ni binti yake, ambaye tunasoma naye: “Ni Baba. Ni kweli.” Nikakaa chini.

Kushuku kwenyewe nilifundishwa na huyo mwalimu. Lokdauni ya korona ilipohamishia mitihani kwenye skrini, kila mmoja wetu kwake alikuwa mwizi ambaye hajakamatwa bado. “Zungusha kamera. Inua godoro. Fungua kabati.” Na hakukosea: jaribio la kwanza nilibandika maneno ishirini ya Kihindi mgongoni mwa laptopu, mahali pekee ambapo kamera yake haipaoni, nikawa nachungulia. Ulipofika mtihani mkubwa wa Kihindi cha juu, ule ambao alama zake huhesabiwa katika kumaliza shule, niliufanya mikono mitupu. Huo ndio alioukamata. Wenzangu wanaoongea Kihindi nyumbani wakikwama huchomeka Kiingereza. Insha yangu ilijaa maneno kamili ya Kihindi: waqt, khabar na duniya. Mkenya wa Ingleburn, pembezoni mwa Sydney, aliyeokota Kihindi kwa jirani huku mama yake yuko zamu hospitalini, ameyatoa wapi? Akaniita kwenye skrini: nisipojieleza, napata sifuri.

“Nani anakunong’onezea?”

“Mama, Sir. Tangu nizaliwe.”

Alidhani namchezea. Kwa rekodi yangu, hata mimi ningedhani hivyo. Akataka Mama aletwe. Mama akaja na sare yake ya unesi, macho mekundu, ameshanihukumu kabla hajakaa. “Wewe, umefanya nini tena?” Mwalimu akamwomba aseme chochote, mradi kiwe Kiswahili. “Mwalimu, habari ya wakati huu? Huyu mtoto atanitoa duniani, na kitabu hashiki!” Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole: khabar, waqt, duniya, kitab. Nikamtobolea siri: nikikwama nachukua neno la Mama, nalikata mkia. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Halafu akanikata alama nne, maana si kila mkia hukatwa, ni wa maneno ambayo lugha zote mbili ziliazima kwa Waarabu tu. Sabuni nilikuwa nimeikata vizuri ikawa sabun, lakini ndizi niliiandika “ndiz”, tunda ambalo India nzima haijawahi kulionja.

Nimeshukiwa na wengi Sydney hii. Mlinzi wa duka hunifuata mpaka kwenye rafu ya maziwa. Mkaguzi wa treni huwapita watu wote na kuja kwangu kwanza. Hao hushuku na kuondoka na jibu walilokuja nalo. Mzee yule alishuku, akauliza, kisha akakaa kusikiliza, na akakubali kwamba jibu linaweza kuwa mama aliyechoka, ndani ya sare yake. Basi ukinishuku, nishuku hivyo. Na mimi nikimshuku mtu, nimedhamiria kungoja jibu lake.

Mazishi tuliyatazama kwenye skrini, kwa kuwa ni wachache tu walioruhusiwa kwenda. Mwishoni binti yake akasema anayetaka kumuaga afungue kamera. Nikafungua. Nikaizungusha chumba kizima, nikainua godoro, nikafungua kabati. Kisha nikaibeba laptopu mpaka mbele ya kioo, ili safari hii Mwalimu auone na mgongo wa laptopu.